Pande la Pafu Lisilojua Kutoa Pumzi

Watu wazima wengi hupigwa eksirei ya kifua bila kuwa wagonjwa. Anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6, anayekwenda kufanya kazi Oman au Saudia, wote husimamishwa mbele ya bamba, huambiwa vuta pumzi, ibane, basi. Kinachotafutwa ni kifua kikuu. Ila mara moja moja, kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, asiyekohoa wala kutoka jasho usiku, picha huonyesha kitu kingine: sehemu ya kifua ni nyeusi kupita kawaida, na moyo umesogea kidogo kama abiria aliyesukumwa na jirani mnene kwenye kiti cha daladala. Weusi katika eksirei ni hewa. Kwa hiyo kuna hewa nyingi mahali fulani, na haitoki. Tangu saa hiyo mtu aliyekuwa mzima anaanza kuitwa mgonjwa, na yatakayompata yanategemea sana ni nani anayeisoma picha ile, na ana haraka kiasi gani.

Pafu la kulia lina mapande 3, la kushoto 2. Kila pande hupata hewa kwa bomba lake, na kuta za bomba hilo hushikiliwa wazi na gegedu, ileile tunayoipapasa sikioni na puani. Mtoto akiwa bado tumboni, bomba mojawapo laweza kuumbwa na gegedu pungufu, au likabanwa na mshipa wa damu uliopita pasipo pake. Akizaliwa akaanza kupumua, hewa huingia, kwa sababu kuvuta pumzi huyapanua mabomba. Akiitoa, lile bomba dhaifu hulala na kuziba njia. Mvuvi wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: ni dema. Samaki anauona mlango wa kuingilia, wa kutokea hauoni. Pumzi baada ya pumzi pande linavimba na kuwabana majirani zake. Inakadiriwa kuwa hali hii humpata mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 30,000, wavulana zaidi ya wasichana, na pande linaloathirika mara nyingi ni la juu la pafu la kushoto, likifuatiwa na la kati la pafu la kulia. Karibu nusu yao chanzo hakionekani hata pande likikatwa na kuchunguzwa maabara. Wengi hugundulika kabla ya kutimiza miezi 6, kwa kuwa wanahema kwa taabu, na tangu miaka ya 1940, Robert Gross wa Boston akiwa miongoni mwa waliofungua njia, watoto wa namna hiyo wameokolewa kwa kukatwa pande zima.

Wanaofika utu uzima na hali hii ni wale ambao dema lao halikukaza sana, au wale wenye kasoro iliyo ndugu yake, ambayo hukutwa zaidi kwa watu wazima: bomba la sehemu moja ya pafu halikuungana kabisa na shina lake. Hapo hewa haipiti mlangoni. Hupenya kupitia vitundu vidogo vilivyo kati ya vifuko vya hewa vya jirani, polepole, na hutoka polepole zaidi. Ute unaotengenezwa ndani ya bomba lile lililofungwa hauna pa kwenda, basi hujikusanya mwaka hadi mwaka ukawa donge, na kwenye picha donge hilo huonekana kama doa la mviringo au kama vidole ndani ya glavu, limezungukwa na pafu jeusi. Mwenye nalo anaweza kulima, kucheza mpira na kuzaa watoto wanne bila kujua.

Vitabu vya zamani huiita hali hii emfisema ya kuzaliwa, na jina hilo limewaponza wengi. René Laennec, Mfaransa aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816 kwa kuanzia na karatasi iliyoviringishwa, aliieleza emfisema katika kitabu chake cha 1819. Alipofungua vifua vya maiti alikuta mapafu ambayo, badala ya kunywea, yalibaki yametuna kana kwamba yanatafuta nafasi ya kutokea. Baadaye ikaeleweka kuwa katika emfisema ile, ya wavuta sigara na ya wanaopikia moshi miaka nenda miaka rudi, kuta za vifuko vya hewa zimeliwa na hazirudi. Katika pande lililojaa hewa tangu kuzaliwa kuta hazikuliwa. Zimenyooshwa tu, na wakati mwingine vifuko ni vingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu wataalamu wengi siku hizi husema pande lililojaa hewa kupita kiasi, wakaliacha lile jina la zamani. Mtu wa miaka 30 anayeandikiwa emfisema kwenye cheti haelewi lile neno la kuzaliwa linalofuata. Anaelewa kwamba ana ugonjwa wa wazee wavuta sigara, unaosonga mbele kila mwaka, na mwajiri anayesoma cheti hicho anaelewa hivyohivyo.

Hoja ya makala haya ni kwamba kwa mtu mzima pande hilo lenyewe ni hatari ndogo kuliko pupa ya wanaolikuta. Ushahidi wa kwanza ni jinsi mwili unavyojipanga. Mishipa ya damu ya pafu ina tabia moja ya ajabu: mahali palipopungukiwa oksijeni hujibana, na damu ikaelekezwa kwingine. Pande lisilobadilisha hewa hupelekewa damu kidogo tu, kwa hiyo damu haipotezi safari kwenda kuchukua oksijeni isiyokuwapo. Kipimo cha nyuklia, kinachofuatilia wapi hewa inafika na wapi damu inafika, huonyesha hivyo: pande hilo hufifia katika picha ya damu, na katika picha ya hewa hung'ang'ania kile lilichovuta wakati mengine yameshajisafisha. Mwenye nyumba amekifanya chumba kimoja kuwa stoo na anaishi vizuri katika vinavyobaki. Kinachoweza kumsumbua ni stoo ile kuvimba mpaka ikabana sebule, na hilo ni swali linalopimika. Si la kukisia kwa kutazama ukubwa wa weusi.

Ushahidi wa pili ni aina ya makosa yanayofanyika. La hatari kupita yote ni kudhani kuwa hewa imevuja nje ya pafu, ile hali ambayo tiba yake ni kutoboa kifua na kuingiza bomba. Bomba hilo likitumbukizwa kwenye pande lililovimba, linalitoboa pafu na kuzalisha uvujaji uleule uliodhaniwa upo. Tofauti inaonekana kwa anayeitafuta. Hewa ikivuja, pafu hunywea kuelekea katikati, ukingo wake ukaonekana kama uzi mweupe, na nje ya uzi huo ni weusi mtupu. Pande likivimba, uzi huo haupo. Nyuzi za mishipa ya damu, hafifu na zilizotawanyika, zinafika mpaka ukutani, na mapande jirani yamejikunyata chini au juu. Daktari wa dharura atapinga hapa, na ana haki: mgonjwa anayezimika mbele yake, shinikizo la damu limeanguka na shingo imevimba mishipa, hasubiri mtu ahesabu nyuzi kwenye picha. Kweli kabisa, huyo atobolewe. Lakini tunayemzungumzia kaingia kwa miguu, anaongea sentensi nzima bila kukatika, na hali yake ya leo haina tofauti na ya juzi. Kwa huyo nusu saa ya kutafakari haigharimu chochote.

Kosa la pili ni la hila zaidi, na kwa nchi zetu pengine ndilo la mara nyingi. Jicho lililofunzwa kutafuta kifua kikuu huvutwa na weupe. Pande lililovimba ni jeusi na safi, linapendeza. Pande jirani lililobanwa limekusanyika na kuwa jeupe kidogo. Msomaji anaona weupe, anaona historia ya kikohozi cha wiki mbili, na dawa za miezi 6 zinaanza. Au analiona donge la ute na kuliita kovu la kifua kikuu, au saratani. Kwa maneno mengine, pande zima linatibiwa na pande lenye kasoro linapewa cheti cha uzima. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo kukidhani kwanza si ujinga. Ni hesabu sahihi. Tatizo huanza pale makohozi yanapokosa vimelea, dawa zinapomalizika na picha ikabaki vilevile kama siku ya kwanza, kisha mtu akaanzishiwa dawa upya badala ya kuulizwa swali jipya. Pumu nayo ina sehemu yake: anayekoroma kifuani upande mmoja tu, na ambaye dawa ya kuvuta haijawahi kumsaidia, ana jambo ambalo pumu hailielezi. Pumu huenea mapafu yote mawili.

Chombo cha kwanza cha kutatua mgogoro huu kipo katika kila hospitali yenye mashine ya eksirei, nacho ni picha ya pili. Ile ya kwanza ilipigwa mtu akiwa amevuta pumzi akaibana. Hii ya pili apigwe akiwa ametoa pumzi yote. Ziweke mbili bega kwa bega kwenye kioo chenye taa. Pafu lisilo na kasoro likitoa hewa hupungua na kuwa jeupe, na kiwambo kilicho chini yake hupanda. Pande lililonasa hewa halibadiliki, linabaki jeusi na pana vilevile, na moyo uliokuwa umesogea kidogo sasa umesogea zaidi, maana upande mmoja umenywea na mwingine umegoma. Huhitaji kuwa bingwa kuliona. Katika picha ya kuvuta pumzi upande uliobanwa ndio ulioonekana mgonjwa. Katika picha ya kutoa pumzi mgonjwa halisi anajitaja mwenyewe. Gharama ni eksirei moja ya ziada. Kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye spirometa kinasaidia kiasi tu, kwa sababu kinajumlisha mapande yote matano, na manne yanayofanya kazi yanaweza kulifichia aibu la tano.

Hata hivyo, picha mbili hizo zinasema neno moja tu: hewa imenaswa. Hazisemi imenaswa tangu lini. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopenda kurukia jibu la kuzaliwa pindi wanapolisoma. Kwa mtu mzima neno la kuzaliwa lije mwisho, baada ya mengine yote kuondolewa, kwa sababu yale mengine ndiyo yanayoua. Uvimbe unaokua ndani ya bomba la hewa hutengeneza dema lilelile. Punje ya karanga au jino bandia lililopaliwa hutengeneza dema. Kifua kikuu cha ndani ya bomba, kikipona, huacha kovu linalolibana, na dema likapatikana tena. Huyu kweli aliugua kifua kikuu, ila dawa zaidi hazitapanua kovu. Kuna na wale ambao mapafu yao yaliharibiwa na virusi vikali utotoni: Swyer na James waliwaandika mwaka 1953, Macleod mwaka 1954, na pafu lao huwa jeusi lakini dogo au la kawaida, halivimbi kama la kwetu. Kwa hiyo siti skani inafaa, ikiwezekana nayo ipigwe kwa pumzi ya kuvuta na ya kutoa, na baada yake kamera nyembamba ipitishwe kwenye njia za hewa ili macho ya mtu yahakikishe hakuna kitu kimekaa pale. Mwenye umri mdogo ambaye mapande yake ya chini ndiyo yenye weusi, hasa kama ndugu zake nao wana shida ya kifua au ini, apimwe damu kuona kama ana upungufu wa alfa-1, protini inayolinda pafu, uliogunduliwa Sweden mwaka 1963.

Kuna ushahidi mmoja unaoshinda mashine hizo, na uko nyumbani. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa huondoka na picha yake ndani ya bahasha kubwa ya kaki, na bahasha hiyo huishia chini ya godoro au juu ya kabati. Picha ya miaka 12 iliyopita, iliyopigwa kwa sababu ya nimonia shuleni, ikionyesha weusi uleule mahali palepale kwa ukubwa uleule, inaondoa hofu ya uvimbe kuliko maelezo marefu ya daktari yeyote. Ni nadra uvimbe unaokua kukaa kimya miaka 12. Daktari anayemuuliza mgonjwa "una picha ya zamani?" kabla ya kumwandikia siti skani anafanya utabibu wa hali ya juu, ingawa hautangazwi. Na hospitali zinazohamia picha za kompyuta zinapaswa kulikumbuka hili: picha isiyochapishwa, iliyofutwa kwenye mfumo baada ya miaka mitano, ni ushahidi ulioteketezwa.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa. Ugonjwa wa mtu mmoja kati ya elfu ishirini, ambaye mara nyingi hata haumwi, unastahili nini mahali ambapo daktari mmoja anaona wagonjwa 60 kwa siku? Naikubali lawama hiyo nusu. Hakuna anayedai kampeni ya kitaifa. Lakini picha ya kutoa pumzi, swali la picha ya zamani, na tabia ya kusimama pale tiba inaposhindwa, havimsaidii huyu mmoja peke yake. Vinamsaidia mtoto aliyepaliwa na karanga, mzee mwenye uvimbe unaoanza, na wale wengi wanaotibiwa kifua kikuu kwa kukisia. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023 zinaonyesha kuwa, kati ya wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu walioandikishwa duniani, waliothibitishwa vimelea walikuwa asilimia 60 na ushei tu. Waliobaki walitibiwa kwa dalili na picha. Wengi wao walistahili kutibiwa. Ila ndani ya kundi hilo kubwa ndimo wanamopotea wenye mapafu ya ajabu.

Tuseme sasa jibu limepatikana, ni la kuzaliwa. Je, likatwe? Mpinzani mwenye busara atasema kitu kisichofanya kazi kitolewe mwenyewe akiwa kijana, kabla hakijaambukizwa au kupasuka. Ni hoja nzuri kwenye karatasi, na zipo ripoti nyingi za watu wazima waliokatwa wakapata nafuu. Lakini tazama ripoti hizo zinavyozaliwa. Daktari huandika anapofanya jambo. Aliyepasua ana picha kabla na baada, na pande kwenye chupa ya maabara. Aliyemwambia mgonjwa nenda nyumbani, rudi baada ya mwaka, hana cha kupeleka kwenye jarida. Maandishi basi yamejaa waliokatwa, na waliokaa kimya hawahesabiwi, wakati eksirei za viza zinatuonyesha kuwa wapo. Upande wa watoto, ambako waliokuwa na dalili kidogo wamefuatiliwa bila kisu, wengi wameendelea vizuri. Saratani nayo hutajwa ili kuharakisha kisu, ila uhusiano uliowahi kutajwa, na kwa nadra, ni wa kasoro nyingine ya kuzaliwa yenye uvimbe wa vifuko, ambayo siti skani hulitofautisha umbo lake na la hii.

Kisu kina mahali pake, napo panaeleweka. Anayehema akipanda ngazi, na vipimo vikaonyesha kuwa mapande mazuri yamebanwa yakashindwa kupanuka, atafaidika pande bovu likitoka: hapotezi kitu kilichokuwa kinafanya kazi, na majirani wanapata nafasi ya kunyanyuka. Anayepata nimonia ya mahali palepale mara ya tatu, au anayetema damu, naye asisubirishwe. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwa matundu madogo na kamera, ingawa kwa mtu mzima aliyewahi kuambukizwa pafu huwa limegandamana na ukuta, na mpasuaji hulazimika kufungua kifua. Asiye na dalili aachwe, apimwe pumzi na kupigwa eksirei kwa vipindi. Siti skani ya kila mwaka haina maana, kwani moja hubeba mnururisho wa eksirei makumi kadhaa. Apate chanjo ya mafua na ya nimonia zinapopatikana, na sigara aiepuke kwa sababu hana akiba ya pafu ya kuchezea. Kuna pia vali ndogo zinazopandikizwa ndani ya njia za hewa, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa emfisema ya kawaida: huruhusu hewa kutoka na kuizuia kuingia, yaani dema lililogeuzwa. Wazo linavutia. Kwa ambaye bomba lake halikuungana tangu tumboni, hata hivyo, hakuna mlango wa kuiweka vali, na hewa inayopenya kutoka kwa jirani ingeipita pembeni.

Kuachwa bila kukatwa si kuachwa bila maelekezo. Hewa iliyonaswa hutii shinikizo la nje. Ndani ya ndege ya abiria shinikizo hushushwa mpaka lifanane na la mwinuko wa mita 2,400 hivi, na hewa iliyofungiwa ikakosa pa kutokea huongezeka karibu thuluthi. Wengi husafiri salama, lakini mwenye pande kubwa amuulize daktari kwanza. Msafiri wa Mombasa kwenda Nairobi anapanda mita 1,700 vilevile, tena bila kufikiri. Tofauti ni kwamba gari au treni hutumia saa nyingi, na hewa hupata muda wa kujipenyeza. Kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa ndiko kusikoruhusiwa hata kidogo. Anayevuta pumzi ya mtungi akiwa mita 10 chini, akipanda juu, hewa hiyo inakuwa mara mbili, na iliyoingia kwenye dema haina njia. Mpiga mbizi anayezama kwa pumzi aliyoivuta juu ya maji hana tatizo hilo, kwa sababu anarudi na hewa ileile aliyoshuka nayo.

Lakini wengi hawataona mtungi wa kuzamia maishani mwao, na wataona chumba cha upasuaji: kidole tumbo, uzazi, mfupa uliovunjika. Katika nusukaputi mtu hapumui mwenyewe. Mashine humsukumia hewa, na hewa inayosukumwa huingia kwenye pande lile kwa nguvu kuliko ilivyowahi kuvutwa. Daktari wa usingizi akiambiwa mapema atachagua ganzi ya mgongo panapowezekana, au atamwacha mgonjwa apumue mwenyewe muda mrefu zaidi, ashushe nguvu ya mashine, arefushe muda wa kutoa pumzi, na gesi ya naitrasi oksaidi hataigusa, maana hukimbilia kwenye kila uwazi wenye hewa na kuupanua. Asipoambiwa, ataona shinikizo la damu linaanguka na upande mmoja wa kifua umetuna, atadhani hewa imevuja, na atachukua bomba. Kwa hiyo bahasha ile ya kaki iende na mgonjwa, pamoja na karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ni pande lipi, na lilionekana lini kwa mara ya kwanza.